Tumboni mwa Bi Mkubwa

Bi Mkubwa alisusa kula Jumatatu, na kufikia Jumatano mtaa mzima ulikuwa umeshapata jibu. Huyu alisema ni majani yenye umande. Yule alisema ni jicho la watu. Mwingine, ambaye hajawahi kufuga hata kuku, akasema ng'ombe apewe soda, itampunguzia gesi. Akapewa soda. Akaipiga chafya yote usoni mwa aliyeileta, kisha akarudi kuinamisha kichwa.

Alikuwa ng'ombe wa maziwa, mmoja tu, wa banda la nyuma ya nyumba. Jina la Bi Mkubwa walimpa majirani, maana mwenye nyumba akitoka kazini alikuwa anapitia bandani kwanza kumsalimia ng'ombe, ndipo aingie ndani kwa mkewe. Mke alikuwa fundi cherehani mwenye ulimi wake. Walipomtania alijibu, "Mke mwenza anayelala bandani na kuninyweshea watoto maziwa? Hata kama wako wawili, waje!" Kwa kweli maziwa yale ndiyo yaliyokuwa yanaiendesha nyumba. Cherehani ina misimu yake, na kazi ya kupaka rangi nyumba, ambayo ndiyo ya mume, ina misimu mibaya zaidi.

Sasa ubavu wa kushoto wa Bi Mkubwa ulikuwa umevimba, ukiugonga unalia kama ngoma. Mgongo ameupinda. Kila akivuta pumzi anatoa mguno mfupi, mguno wa mtu mzima anayeficha maumivu mbele ya watoto. Na tumboni alikuwa na ndama.

Bwana Bucha, mwenye bucha ya pale njiapanda, alifika na kamba yake mapema asubuhi. Alimzunguka ng'ombe, akamshika masikio, akayakuta ya baridi.

"Jana nilikutajia bei," alimwambia mwenye nyumba. "Ile ilikuwa ya jana."

Mwenye nyumba waliyemzoea kwa jina la Ngazi, kwa sababu ya urefu wake na mikono inayopaka dari bila kupanda kitu, alikuna kichwa. "Bwana Bucha, na wewe. Tangu jana tu?"

"Ng'ombe mgonjwa ni kama barafu juani, ndugu yangu. Si mimi ninayeiyeyusha." Bwana Bucha hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kazi yake, na kazi yake ilikuwa imemfundisha kumwangalia ng'ombe akamwona tayari ananing'inia kwenye ndoano: huku mapaja, huku mbavu, huku maini.

Fundi alitoka ndani na futi ya kupimia nguo bado inaning'inia shingoni. "Shemeji, hiyo kamba irudishe mfukoni. Nimempigia daktari wa mifugo, yuko njiani."

"Mama watoto, tulizungumza usiku," Ngazi alisema. "Heri nusu shari kuliko shari kamili. Tukimuuza leo tunapata chochote. Akifa, tunakula mate."

"Na ndama?"

Ngazi aligeuka akatema mate pembeni, akasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya uzio, "Na aliyemlisha sumu ng'ombe wangu, Mungu anamwona."

Ng'ambo ya uzio, Mama Mapacha, jirani ambaye hajawahi kuacha tusi lipite bila kulipokea, akainua kichwa kutoka kwenye beseni la nguo. "Unanisema mimi?"

"Nimetaja jina?"

"Ungetaja basi, mwanamume mzima!"

Ndivyo asubuhi ilivyoanza.

*

Daktari wa mifugo alikuja kwa pikipiki. Alikuwa binti mfupi, mnene kidogo, mwenye buti za mpira zilizomfika magotini na sanduku zito kuliko yeye. Ngazi alimtazama toka juu, akamtafuta daktari mwingine nyuma yake. Hakuwepo.

"Ni mimi, baba," alisema yule binti, amezoea. "Mgonjwa yuko wapi?"

Alimpima kwa kumsikiliza, kwa kumbonyeza, na kwa jambo ambalo liliwashangaza wote: alimfinya ngozi ya mgongoni, juu ya mabega, na Bi Mkubwa badala ya kushusha mgongo kama ng'ombe wengine, akaukaza na kuguna. Daktari akarudia. Akaguna tena.

"Kuna kitu kinamchoma kwa ndani," alisema. "Na tumbo la kwanza limeziba. Ng'ombe hatafuni anapokula, mama, anameza tu, kama mtu mwenye haraka. Kila kitu kinaingia tumbo kubwa, halafu akitulia anakirudisha mdomoni kidogo kidogo kukitafuna. Huyu hawezi tena kukirudisha. Hacheui."

"Dawa ipo?" Fundi aliuliza.

"Dawa ni kisu. Nimfungue hapa ubavuni, nitoe kilichomo."

Bwana Bucha akacheka kwa pua. "Kufungua hata mimi ninafungua."

"Mimi nafungua halafu nafunga," daktari alisema bila ubaya. Kisha akawageukia wenye nyumba, na sauti yake ikawa ya polepole. "Sikilizeni vizuri, maana sitaki lawama. Nikishamchoma sindano ya ganzi na dawa zangu, nyama yake hailiwi, leo wala kesho. Akipona, mna ng'ombe na ndama. Akifa, mnachimba shimo. Bwana huyu na kamba yake hawezi tena kuwasaidia. Amueni sasa."

Ngazi alimtazama Bwana Bucha. Bwana Bucha akatazama kamba. Mke naye alikuwa anamtazama mumewe, na futi yake ameizungusha kiganjani mpaka vidole vimekuwa vyeupe.

"Miguno yake naisikia mpaka kitandani," Fundi alisema. "Sitaki kumuuza mtu anayeguna hivyo."

"Si mtu," alisema Ngazi, lakini kwa unyonge, na huyo ndiye aliyekuwa anamsalimia kila jioni. Akapangusa uso. "Haya. Mchome."

*

Hawakumlaza. Walimfunga kwenye nguzo ya banda, akasimama. Daktari akamnyoa ubavu, akauosha kwa sabuni na dawa, akachoma ganzi, akangoja. Watu walishajaa kwenye uzio. Mama Mapacha alikuwa mbele kabisa, kwa sababu ugomvi ni ugomvi na tamasha ni tamasha. Bwana Bucha hakuwa na biashara tena pale, ila miguu yake ilikataa kuondoka.

Ngozi ilifunguka, ng'ombe akipepesa masikio tu. Damu ikawa kidogo mno kuliko watu walivyotarajia. Chini ya ngozi, utando mweupe. Chini ya utando, nyama nyekundu inayong'aa.

Fundi, aliyepewa kazi ya kushika taa na kusogeza vyombo, alisogea bila kujijua. "Daktari, hebu ngoja. Hizi nyuzi."

"Zina nini?"

"Hizi za juu zimelala hanamu, kwenda mkiani. Na hizi ulizozifungua sasa hivi, za chini yake, hanamu pia, ila kwenda kichwani."

"Na za tatu?" Daktari alifungua tabaka jingine, taratibu.

"Wima!" Fundi alisema, na sauti ikamtoka kubwa. "Zimeshuka wima! Jamani, huo ni mshono wa fundi. Nguo ya hivyo huwezi kuichana hata ukiivuta kwa ng'ombe wawili."

"Ndiyo maana anabeba tumbo zito hivi na halimwagiki," alisema daktari. Mikono yake haikusimama. "Kila uzi unaouona umejaa nyuzi ndogo, na hizo ni seli, vitu hai vidogo sana, jicho halivioni. Seli za kazi moja zikishikana ni tishu. Hii hapa ni tishu ya misuli, kazi yake kuvuta. Kuna ya kufunika, kama ngozi ya juu. Kuna ya kushikilia, ule utando mweupe. Kuna ya kupeleka habari, mishipa ya fahamu, ambayo ndiyo nimeilaza kwa sindano. Tishu mbalimbali zikikaa nyumba moja zinafanya kiungo, ogani: tumbo, ini, moyo. Na ogani zikishirikiana kazi moja, huo ni mfumo. Kuanzia mdomo wake mpaka mkiani, kote huko ni mfumo mmoja, kazi yake kugeuza majani kuwa Bi Mkubwa."

Watu wakacheka. Ngazi, aliyekuwa ameshika kichwa cha ng'ombe, hakucheka. "Na nani anaziambia?"

"Kuziambia nini, baba?"

"Kwamba wewe lala hanamu, wewe simama wima. Wewe uwe jicho."

Daktari alifuta damu kwa pamba. "Chuoni tulisoma vitabu vingi juu ya swali hilo, na bado halijaisha. Ninachojua ni kwamba zote zimetoka kwenye seli moja. Moja tu. Ikagawanyika, zikagawanyika, na kila moja ikajua pa kwenda. Huyo ndama aliyemo humu naye ndivyo alivyoanza."

Ngazi alimtazama ng'ombe wake kuanzia pembe mpaka kwato, kana kwamba ameletewa leo. Amepaka rangi nyumba nyingi katika maisha yake, na hata nyumba ya vyumba viwili hajawahi kuona ikijengwa bila mafundi kutukanana.

Kisha ukaonekana ukuta wa tumbo lenyewe, wa kijivu, umelowa, mpana kujaza lote lile dirisha lililofunguliwa ubavuni. Na ukiwa pale mbele ya macho yao ukatetemeka. Ukainuka kidogo upande mmoja, wimbi likapita polepole, dhaifu, likaishia.

"Limetembea!" Alikuwa Bwana Bucha. Alikuwa ameshavuka uzio, hakuna aliyemwona akivuka. "Daktari, limetembea lenyewe!"

"Linajaribu. Likiwa zima linafanya hivyo mchana na usiku, maisha yake yote."

"Mimi tumbo hili nalishika kila siku ya Mungu," alisema Bwana Bucha. "Nalikata, nalikosha, nawapimia watu. Halijawahi..." Akaangalia viganja vyake, akavificha nyuma ya aproni.

*

Daktari alilishona tumbo kwenye kingo za ngozi ili uchafu usidondokee ndani, akalitoboa. Gesi ikatoka kwa mlio, na harufu ikawarudisha watu nyuma hatua kadhaa. Hata kabla ya jingine lolote, Bi Mkubwa alivuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu Jumatatu.

Daktari akaingiza mkono, akaanza kutoa majani yaliyochacha, akiyatia ndooni. Kisha akashika kitu, akavuta. Kikaja. Akavuta tena. Ilikuwa kamba nene, imesokotwa, imeshikamana, haina mwisho. Akaitupa kwenye beseni la maji, na ndani ya maji ikaanza kufunguka.

Kitambaa. Vipande vya vitambaa. Bluu ya sare ya shule. Kijani cha pazia. Bitana ya koti. Suruali ya kijivu ya mzee mmoja aliyekuwa palepale kwenye uzio, ambaye alijishika paja kama anayehakikisha nyingine ipo. Nguo za mtaa mzima zilikuwa zinatoka tumboni mwa ng'ombe, mkono kwa mkono, na watu wanazitambua moja moja.

Fundi alisimama na taa yake. Alikuwa ameelewa kabla ya wote. Tangu baridi ianze alikuwa anafagia mabaki ya cherehani na kumtandikia Bi Mkubwa alalie. Alijisifia hata: nani mwingine mwenye ng'ombe anayelala juu ya godoro? Pumba na chumvi zilikuwa zinamwagikia juu ya vile vitambaa, na ng'ombe alikuwa anaviramba. Halafu alikuwa anavimeza.

"Simama hapo!" Mama Mapacha alipiga kelele. "Hiyo! Hiyo ya dhahabu! Si lesi yangu hiyo?"

Ilikuwa lesi yake.

"Fundi wewe, si uliniambia hakikubaki hata cha kufungia kidonda?"

Kicheko kilichopasuka pale uzioni kilisikika njiapanda. Fundi alitaka ardhi ifunguke. Kwa fundi cherehani, kipande cha mteja kinachobaki ni siri ya ofisi. Kila mteja anajua na hakuna anayesema. Sasa siri yote ilikuwa inaelea kwenye beseni.

"Na mimi nilisingiziwa sumu asubuhi hii!" Mama Mapacha aliendelea, amefurahi kupita kiasi. "Kumbe sumu ni cherehani!"

Ngazi alimtazama mkewe. Fundi aliitua taa chini.

"Ni mimi," alisema. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. "Siyo mtu mwingine. Mimi ndiye niliyemlisha. Nilidhani namfanyia wema."

Kicheko kikapungua, kikafa. Mama Mapacha mwenyewe akaangalia pembeni. Ngazi akasema, "Chukua taa, mama watoto. Daktari haoni."

Akaichukua.

*

Lakini daktari hakuwa ameridhika. "Nguo zimeziba. Hazichomi. Kuna kingine, na kiko tumbo la pili, lile dogo la mbele kabisa. Vitu vizito vinaangukia huko." Aliingiza mkono mpaka begani, akakunja uso, akasimama juu ya ncha za vidole, akautoa. "Sifiki. Siku nyingine huwa natumia msaidizi mrefu, leo..." Macho yake yakapanda polepole juu ya mikono ya Ngazi, iliyoning'inia pale kama makasia.

"Aa, hapana," alisema Ngazi.

Walimsugua rangi iliyokauka kuchani mpaka ngozi ikawaka. Wakampaka dawa mpaka kwapani. Akaegemeza shavu kwenye manyoya ya Bi Mkubwa, akafumba macho, akaingia.

"Joto," alisema. "Lo, joto gani hili."

"Nenda mbele. Upande wa kichwa, kisha chini."

"Kuna kama kizingiti."

"Kivuke."

"Nimevuka. Sasa ukuta umebadilika. Una vyumba vyumba, kama sega la nyuki."

"Hapohapo. Pita chumba kwa chumba kwa ncha za vidole, polepole sana, hasa ukuta wa mbele."

Ngazi alikuwa anatafuta, midomo ikicheza. Kisha akaganda. Akafumbua macho, makubwa.

"Kuna mtu anabisha hodi."

"Wapi?"

"Nyuma ya ukuta. Ananigonga kiganjani. Gu-du. Gu-du."

"Huo ni moyo wake, baba," alisema daktari kwa upole. "Kati yako na moyo kuna ukuta huo na msuli mwembamba wa kiwambo, ule wa kuvutia pumzi, basi. Chenye ncha kikitoboa hapo kinafika moyoni. Usibonyeze. Tafuta."

Ngazi hakutafuta mara moja. Alisimama tu, shavu kwenye ubavu, mkono wote ndani ya mnyama, moyo unamgonga. Miaka yote alikuwa anapokea maziwa, na hakuwahi hata siku moja kuuwaza moyo uliokuwa unayasukuma. Ulikuwa hauombi chochote. Ulikuwa unafanya kazi tu, ukiwa na maumivu, ukiwa na bei juu yake, haujapumzika hata alipokuwa anapatana na Bwana Bucha.

"Nisamehe," alisema, na hakuna aliyeuliza anamwambia nani.

Kidole chake kikagusa kitu chembamba, kigumu, kimesimama katikati ya chumba kimoja. Alikivuta kama mtu anayechomoa mwiba mguuni mwa mtoto. Kilipotoka nje kikawa sindano ya mkono, ndefu, bado ina uzi mweusi. Daktari aliipokea, akaipima kwa jicho, akapumua. "Haijafika moyoni. Tungechelewa kidogo tu, ingefika."

Fundi akaketi juu ya ndoo.

"Baba, kabla sijafunga. Ingia tena, shuka chini, upande wa kulia, sukuma ukuta taratibu. Wakati nampima sikumsikia ndama. Niambie unachokuta."

Ngazi aliingia tena, akashuka. Akakuta kitu kigumu nyuma ya ukuta laini. Akakizunguka. "Mguu huu. Kwato." Akabonyeza kidogo, akangoja. Hakuna. Akabonyeza tena. Mkewe alikuwa anamsoma usoni na hakupata kitu. Na ghafla uso wote ule mrefu ukakunjuka.

"Amenisukuma! Mama watoto, amenisukuma! Amekasirika!" Alikuwa anacheka na machozi yanachuruzika juu ya manyoya ya ng'ombe. "Ana nguvu huyu! Anajua pa kupiga!"

*

Daktari alishona tumbo, akashona tabaka la ndani, akashona la nje, akafika kwenye ngozi. Fundi alikuwa ameangalia kila tundu.

"Daktari, la ngozi hilo naweza kukusaidia."

"Mama, ushonaji wako ndio uliotufikisha hapa," alisema daktari, na Fundi akacheka mara ya kwanza siku hiyo, akacheka mpaka akashika mbavu.

Lakini akifunga sanduku lake daktari hakucheka. "Kazi yangu imeisha, yake ndiyo inaanza. Akila tu, msishangilie. Ngojeni acheue. Lazima tumbo liamke lenyewe lirudishe tonge mdomoni. Hilo siwezi kulishonea. Nitapita kesho. Kama hajacheua mpaka hapo..." Akawasha pikipiki.

Kesho yake jua lilipopanda Bi Mkubwa alikuwa amesimama, masikio yameanguka, amekula majani kiasi cha kiganja. Daktari aliweka masikio ya kusikilizia ubavuni, akakaa sana. "Sijasikia kitu," alisema, akaketi juu ya tofali badala ya kuondoka.

Ngazi hakwenda kazini. Cherehani haikulia. Mama Mapacha alileta mzigo wa majani mabichi, akauweka mlangoni mwa banda bila salamu, akabaki. Mwisho akaja Bwana Bucha, hana kamba.

"Umefuata nini?" mtu alimtania. "Nyama yake hailiwi hiyo!"

"Napita tu," alisema, na bucha yake iko upande mwingine kabisa.

Wakakaa wanatazama koo la ng'ombe. Kitu cha ajabu kukiona, watu wazima wamekusanyika asubuhi ya kazi, kimya, wanatazama koo la ng'ombe. Nzi wanaruka. Fundi ameshika mkono wa mumewe, ule wa jana, haachii. Bi Mkubwa alifumba macho nusu. Hakuna kilichotokea, kikaendelea kutotokea, na daktari akaanza kutazama chini.

Ndipo wakasikia mtu ananong'ona. Alikuwa Bwana Bucha, aproni yake ya madoa bado kiunoni, mikono ameikunja kifuani.

"Panda," alikuwa anasema. "Njia iko wazi, panda basi. Cheua, mama. Cheua."

Hakuna aliyemcheka.

Ubavu wa Bi Mkubwa ukajikaza. Pale shingo inapotokea kifuani, chini ya ngozi, pakavimba kitu kidogo, mviringo, kikakwea. Kilikwea shingo nzima mbele ya macho yao, bila mkono wa mtu, kikafika tayani. Bi Mkubwa akakipokea. Taya likaenda kushoto, likaenda kulia. Akafumbua macho, akawatazama wote, akaendelea kutafuna.

Fundi aliketi palepale kwenye samadi na nguo yake safi. Ngazi aliinama akamshika bega. Daktari aliruka kama mtoto. Bwana Bucha alikuwa analia waziwazi, hajifuti.

"Shemeji," alimwambia Fundi. "Siku yake ya kuzaa ikifika, hata iwe saa gani, mniite."

"Uje kufanya nini, shemeji?"

"Nije nione. Nimewatoa wengi duniani. Sijawahi kumwona hata mmoja akiingia."